Mfamasia na Maua ya Manjano

Kwa miaka ishirini na nane Mahbuba alikaa nyuma ya dirisha la dawa katika hospitali moja ya binafsi pale Al Khuwair, mjini Maskati, akiwaonya watu wasimeze kila jani wanaloletewa na mashangazi zao. Alikuwa mkali. Mtu akija na kifurushi cha mizizi, Mahbuba hukifungua, akakinusa, kisha akamtazama mwenye nacho juu ya miwani mpaka maskini wa watu anaomba radhi bila kujua kosa lake. Kwa hiyo leo anaposimulia yaliyomfika mwaka aliostaafu huanza kwa kucheka, na anayemcheka ni yeye mwenyewe.

Alistaafu mwezi wa kwanza. Wenzake walimfanyia karamu, wakamkatia keki iliyokosewa jina, wakampa saa kubwa ya ukutani, yeye ambaye ndiyo kwanza hakuwa na pa kuwahi. Wiki tatu za mwanzo alizifurahia. Alilala mpaka saa mbili asubuhi, akapanga viungo vyote vya jikoni kwa herufi, bizari mpaka uwatu. Wiki ya nne viungo vikawa vimekwisha kupangwa, na moyo wake ukaanguka puu, kama mtu aliyekosa ngazi ya mwisho.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakukuwa na sababu. Mumewe Marhoon alikuwa mzima, ukiacha goti alilofanyiwa operesheni. Binti yao Hajar aliolewa vizuri Sohar na alipiga simu kila siku. Nyumba yao ya Bawshar ilikuwa na vyumba vingi kuliko watu. Hata hivyo Mahbuba alikuwa akiendesha gari mpaka duka kubwa, akaegesha, akabaki ndani na kiyoyozi kikivuma, akiwatazama watu wakisukuma vitoroli vyao, mkono umeshika kitasa na kitasa hakifunguki. Nusu saa ikipita anarudi nyumbani mikono mitupu. Siku ya tatu ya chai isiyo na maziwa, Marhoon aliuliza kwa upole kama ng'ombe wa Oman wamegoma.

Jina la maradhi hayo alilijua. Dawa zake alizitoa kwa mikono yake kwa mamia ya watu, na kila mmoja alimwambia, "Hii si aibu. Ni maradhi kama sukari." Lakini kwenda yeye? Akae kwenye viti vile vya bluu, mbele ya dirisha lake mwenyewe, akisubiri kuitwa namba? "Bora nife na heshima yangu," alijisemea, na wakati ule aliiona ni busara kubwa.

Ndipo simu yake, ambayo siku zote hujua mtu anataka nini kabla mwenyewe hajajijua, ilipomletea mwanamke mmoja wa nchi za baridi, mwenye mvi ndefu mpaka kiunoni, aliyesimama msituni amevaa joho la kijani. Mama huyo alifundisha kile alichokiita njia ya kale. Kabla ya dini zote, alisema, wahenga wa kwao waliabudu jua na mwezi na miti. Mwaka wao ulikuwa na sikukuu nane, na kila huzuni ilikuwa na jani lake. Mahbuba alikuwa mwanamke aliyesoma, Mwislamu asiyekosa sala, mfamasia mwenye cheti ukutani. Alimtazama yule mama dakika kumi na mbili. Kisha akamtazama tena toka mwanzo.

Mwezi wa pili alianza. Darasa la kwanza lilikuwa sikukuu ya kuaga theluji, naye akaiaga, ingawa haijapata kufika Bawshar. Alitakiwa awe na kimeza cha ibada chenye jiwe, ua, bakuli la maji, mshumaa na unyoya wa ndege. Kwa vile uani kwao ni vigae vitupu, alikipeleka juu ya paa, kati ya dishi la televisheni na matangi ya maji. Unyoya aliuchomoa kwenye mto. Mshumaa ulipofika mwezi wa tano uliyeyuka wenyewe, bila kuwashwa.

Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, Marhoon akirudi kitandani kulaza goti lake, Mahbuba alipanda ngazi na kangaye mabegani. Alisimama pekupeku, akasalimia mashariki, kusini, magharibi na kaskazini, kisha akamwomba mungu wa kike wa mwezi amwondolee uzito kifuani. Alianza kwa Bismillahi na kumaliza kwa Astaghfirullahi. Upagani aliuweka katikati, ulindwe pande zote mbili. Nafsi ikimsuta, aliiambia kwamba yale ni mazoezi tu ya viungo.

Majani nayo hakuyasahau. Alikwenda Matrah kwa muuza dawa za Kiarabu akanunua rosmari, yasi na mrehani mkavu, akavifukiza mpaka mapazia yakanuka kama kaburi la mtu tajiri. Na kwa posta alijiletea maua ya manjano yanayoota Ulaya, ambayo yule mama aliyasifu kwamba hufungua moyo uliofungwa. Aliyatia maji ya moto akanywa.

Hapa Mahbuba akisimulia hunyanyua kidole, kwa sababu hapa ndipo pa kumcheka vizuri. Maua yale aliyajua kuliko alivyowajua wakweze. Alijua kwamba kweli huweza kumsaidia mwenye huzuni, na alijua pia kwamba hulifanya ini lizitupe nje dawa nyingine kabla hazijafanya kazi. Yeye mwenyewe alikuwa akimeza kidonge cha presha kila asubuhi. Hayo aliwafundisha wanafunzi miaka na miaka, kwa chati aliyoichora kwa mkono, yenye mishale myekundu. Sasa alijiambia kikombe kimoja hakidhuru. Baadaye vikawa viwili, kisha vitatu. Na kwa kuwa pakiti ilikuwa imeandikwa jina la ua waziwazi, na jina lile lilikuwa likimkodolea macho kila akifungua kabati, aliyamimina kwenye kopo la biskuti akabandika karatasi: "Chai ya tumbo." Mfamasia wa miaka ishirini na nane, na lebo ya uongo.

Na bado, haki isemwe, alijisikia nafuu kidogo. Asubuhi ilikuwa na jambo la kufanya.

Siku tatu kwa wiki alikuja Atieno, mtaalamu wa viungo kutoka Kisumu, kumnyoosha Marhoon goti. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkimya, mwenye mikono ya nguvu iliyomfanya Marhoon ataje majina ya mababu zake. Siku moja ya mwezi wa tano, Marhoon akiwa anapumzika, Mahbuba alimkaribisha Atieno jikoni kwa chai, akafunga mlango, akamsogelea.

"Mwanangu Atieno," alinong'ona, "hebu nambie. Kwenu bara mna mizimu, sivyo? Ile ya asili, ya kabla ya dini. Mwaiamsha vipi?"

Atieno aliweka kikombe chini. "Mizimu?"

"Ee. Nna haja nayo kidogo. Si kwa ubaya."

"Mama, baba yangu ni mzee wa kanisa. Mimi nimeimba kwaya tangu nikiwa na miaka sita. Mizimu nimeiona kwa runinga, na hiyo ilikuwa sinema ya Nigeria." Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Lakini mbona umeniuliza mimi? Hapa mtaani kuna Wahindi, kuna Wafilipino. Hao umewauliza?"

Mahbuba alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Jibu alikuwa nalo na lilikuwa baya. Familia yao ilirudi Oman kutoka Tabora. Bibi yake alizaliwa kule na kuzikwa kule, na nyumbani kwao mpaka leo wanagombana na kutaniana kwa Kiswahili. Miaka yote alijihesabu kuwa mtu asiye na dharau kwa watu wa bara. Kumbe dharau ilikuwa imekaa humo ndani imetulia, ikisubiri chai.

"Na nyinyi mlikaa huko vizazi vingapi?" Atieno aliendelea, akivaa mkoba wake. "Mbona hamkujifunza? Haya, khalas. Ahsante kwa chai."

Tangu siku ile aliingia, akalinyoosha goti, akatoka. Salamu zilibaki zile za lazima.

Ikafika tarehe ishirini na moja ya mwezi wa sita, sikukuu kubwa kuliko zote katika njia ya kale: siku yenye mchana mrefu. Yule mama wa msituni aliagiza kwamba jua likichomoza, kila mfuasi awashe moto nje na kuuruka mara tatu, kila mruko akitupa huzuni moja, ili kulikaribisha jua. Jua la Maskati mwezi wa sita halina haja ya kukaribishwa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri joto lilikuwa limeshapita thelathini na tano na hewa ilikuwa nzito kama blanketi lililoloa. Lakini Mahbuba hakuwa mtu wa kuacha dozi katikati. Alipakia makaa kwenye chetezo chake cha udi, akapanda nacho juu.

Mruko wa kwanza alitupa huzuni ya kustaafu, na ulikwenda vizuri. Wa pili alitupa upweke wa nyumba isiyo na Hajar. Wa tatu alikimbia, akaruka, na akiwa hewani akagundua kwamba hajui huzuni ya tatu ni ipi. Katika kuitafuta, mguu wa kushoto ukagonga chetezo. Makaa yakatapakaa, upindo wa kanga ukashika moto, Mahbuba akaangukia kifundo cha mguu na kusikia kitu kikilia ndani yake. Alijimwagia bakuli la maji ya ibada, ambalo kwa mara ya kwanza lilifaa kwa jambo. Alipojaribu kusimama, paa lote likazunguka.

"Bi Mahbuba! Salama?"

Alikuwa jirani yao Bakhit, amesimama juu ya paa lake na spana mkononi, akitengeneza tangi.

"Salama!" alijibu akiwa amekaa chini, maji yakimchuruzika.

"Na moshi?"

"Nafukiza matangi!"

Bakhit alifikiri kidogo. Alikuwa mtu mstaarabu. "Nimeona kama waruka," alisema.

Mahbuba akaanza kuikamua kanga. Bakhit aliteremka akampigia simu Marhoon. Muda si muda sauti ya Marhoon ikapanda toka chini ya ngazi, ambazo goti lake halikumruhusu kuzipanda: "Mama Hajar! Naambiwa umeanza riadha!"

Aliyepanda alikuwa Atieno. Wakati wa joto alikuwa akianza kazi mapema, na alifika mlangoni wakati Marhoon akihangaika na mkongojo. Alitokeza kwenye paa, akayatazama makaa, jiwe, unyoya, kimeza. Macho yake yakapita juu ya vyote, na Mahbuba akaona kwamba ameelewa. Alipiga magoti, akakishika kifundo, akakizungusha taratibu.

"Haijavunjika. Imeteguka tu." Alikifunga bendeji. Kisha akatoa kipimo cha presha mkobani, akamvalisha mkononi. Alisoma namba, akapima tena. "Mia tisini kwa mia na kumi na mbili. Mama, si unakunywa dawa?"

"Nakunywa kila siku."

"Na kitu kingine?"

"Chai tu," alisema Mahbuba, ambayo kwa namna fulani haikuwa uongo.

"Tunaenda hospitali."

"Si ile ya Al Khuwair."

"Ile ya Al Khuwair ndiyo karibu. Yalla, nishike bega."

Basi Mahbuba akarudi mahali pake pa kazi miezi mitano baada ya keki, kwenye kiti cha magurudumu, kanga imeungua upindo, akinuka udi na moshi. Walinzi walimsalimia. Mfagiaji alimsalimia. Akakaa mbele ya viti vile vya bluu na namba mkononi, akasubiri kuitwa, na hakufa. Hilo lilimshangaza.

Daktari aliona presha, akampa dawa ya kuituliza, kisha akaagiza mfamasia aje kupitia dawa zote za mgonjwa. Aliyekuja na daftari alikuwa Fajr, msichana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, ambaye mwaka wake wa kwanza alilizwa na Mahbuba mara mbili kwa sababu ya mwandiko.

"Dokta Mahbuba," Fajr alisema, akivuta kiti akakaa usawa wa macho yake. "Kuna majani yoyote unayotumia? Chai, mizizi, maua, chochote?"

Lilikuwa swali la Mahbuba mwenyewe, neno kwa neno, hata kile kituo kifupi kabla ya "chochote". Atieno alikuwa amesimama kando ameshika mkoba.

"La," alisema Mahbuba.

Fajr hakuandika. Alikaa kimya na kalamu yake. Mahbuba alijua anachofanya, kwa sababu ndiye aliyemfundisha: wakisema la, usiandike, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Alihesabu pamoja naye. Walipofika saba, akashindwa.

"Maua ya manjano," alisema. "Yale ya mishale myekundu. Vikombe vitatu kwa siku."

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

Fajr aliandika. Mahbuba aliinamisha kichwa akingoja kutazamwa juu ya miwani, ingawa Fajr hakuvaa miwani. Hakutazamwa. Msichana aliweka kalamu chini, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na yalikuwa yanakusaidia?"

Katika miaka ishirini na nane Mahbuba hakumuuliza mtu yeyote swali hilo. Wote wale na vifurushi vyao vya mizizi, hakupata kuuliza walikuwa wakitafuta nini humo. Machozi yalimtoka pale pale, mengi, ya sauti, katikati ya chumba cha watu wengine, na heshima yake yote ikaenda nayo.

"Nilikuwa na kitu cha kuamkia," alisema.

Fajr alimpa karatasi za kufutia uso, akaenda kumwita daktari tena, safari hii si kwa ajili ya presha.

Walibaki wawili. Atieno alikaa kwenye kiti cha Fajr. Alizichezea kamba za mkoba.

"Mwaka juzi nilikuja hapa," alisema. "Mtoto wangu yuko Kisumu na mamangu. Alianza kuita mamangu 'mama', mimi akaniita Atieno. Sikuwa nalala, sikuwa nakula. Wakanipa tembe. Ni wewe ulinipa, dirisha ya tatu."

Mahbuba alimtazama. Alitafuta ule uso katika nyuso zote zile, asiuone. "Sikukumbuki, mwanangu."

"Najua. Kulikuwa na foleni. Ulisema si aibu, ni kama sukari. Nikakuamini."

"Mie mwenyewe sikujiamini," Mahbuba alisema, akapenga kamasi. "Atieno, lile swali la mizimu."

"Ilikuwa swali ya ujinga."

"Ya ujinga mtupu. Nisamehe."

Atieno hakusema kwamba amesamehe. Alisema kifundo kitahitaji wiki tatu, na kwamba atakuja kukinyoosha mwenyewe, na kwamba mgonjwa ataumia. Mahbuba alilipokea hilo.

Jioni yake alimweleza Marhoon yote, toka vitoroli mpaka mruko wa tatu. Alitegemea ghadhabu juu ya mungu wa kike wa mwezi. Marhoon alimwambia atubu, Mahbuba akamjibu kwamba ametubu kila siku kwa miezi minne, mara tu baada ya kukosea. Lakini lililomkaa Marhoon kooni lilikuwa jingine.

"Kila asubuhi nasikia wapanda juu," alisema, akitazama vidole vyake. "Mie nlidhani umenichoka. Nlidhani wakaa huko ili usinione."

"Na usiulize?"

"Na weye usiseme?"

Wakakaa hivyo, watu wawili wazima, mmoja na goti, mmoja na kifundo, wakishangaana.

Maua aliyaacha kwa utaratibu wa daktari. Vidonge akaanza, na kama alivyowaambia wengine, wiki za kwanza havikufanya lolote isipokuwa kumkausha mdomo. Mara moja kwa wiki alikwenda kuzungumza na mtaalamu wa ushauri nasaha, mwanamke kijana wa Al Khoudh aliyeuliza mambo kisha akanyamaza, na Mahbuba, aliyeijua hila hiyo, alimlipa kwa kunyamaza naye. Kikao cha nne alichoka, akasema. Hakuwa na huzuni ya tatu iliyojificha, walikubaliana. Alikuwa na moja tu, ilikuwa kubwa, na haikuwa na jina zuri.

Yule mama wa msituni aliendelea kumtumia salamu za sikukuu. Mahbuba hakumchukia. Alimwandikia kumshauri awaulize wanafunzi wake kama wanameza dawa za presha, akamwambatishia chati.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa nane, soko la samaki la Seeb. Alikwenda kumpeleka Marhoon, aliyetaka nguru. Muuzaji akamwonyesha samaki akasema ametoka majini alfajiri ile. Mahbuba alimtazama samaki jichoni. Jicho lilikuwa na ukungu. Alimfunua shavu, akanusa, akamwambia muuzaji kwamba samaki huyu ametoka majini siku ambayo yeye muuzaji alikuwa bado hajaoa. Muuzaji akaapa. Mahbuba akamwomba asiape, ana watoto. Watu wakakusanyika. Wakabishana robo saa, kwa Kiarabu, na Mahbuba alipoishiwa na Kiarabu akaendelea kwa Kiswahili, na muuzaji, kumbe mamake wa Pemba, akamjibu kwa Kiswahili hicho hicho, na mambo yakapamba moto upya. Marhoon alimvuta mkono wa buibui: "Twende, Mama Hajar, watu watazama."

"Na watazame," alisema, akageukia meza ya pili kuchagua mwingine.

Nguru alimpika kwa nazi na ndimu na pilipili mbili. Alikula sahani mbili, akakwangua sufuria, kisha akalala mchana sakafuni chini ya kiyoyozi, mchuzi umemdondokea kifuani na mdomo wazi, akikoroma, kwa ushahidi wa Marhoon, kama jenereta.